Kabla hujamnunulia mtoto kibao cha kuchorea chenye taa

Binti yangu ana miaka saba. Mwaka jana aliujaza ukuta wa baraza letu hapa Bagamoyo majahazi ya mkaa, kila jahazi na tanga lake, na bibi yake akaninunia siku mbili kana kwamba mimi ndiye niliyechora. Nikapanda gari hadi Kariakoo kumtafutia kibao cha kuchorea kinachowaka. Nikarudi nacho, tukazima taa ya chumbani tukitazame. Giza tupu.

Simlaumu muuzaji sana. Sikujua kwamba jina hilo moja linabeba vitu vitatu tofauti. Nilichonunua ni kile cheusi ambacho mtoto akikandamiza kijiti, mstari unatokea. Mstari wenyewe hautoi mwanga, unategemea mwanga wa nje. Kwa kujifunzia herufi ni kizuri, na betri yake hudumu kwa kuwa umeme unatumika wakati wa kufuta tu. Tatizo ni huko kufuta: kitufe kimoja, mchoro wote kwisha. Jioni moja mdogo wake alipita akakibonyeza. "Mama, simba wangu kaenda wapi?" Nikakosa la kumjibu. Mtoto anayependa kutunza kazi zake, hicho usimpe.

Halafu kagueni betri. Vingi vya aina hii hutumia ile betri bapa kama ya saa. Mtoto mdogo akiimeza ikanasa kooni, inaweza kumuunguza vibaya ndani ya saa mbili. Ukishuku tu kwamba kameza, usimtapishe, kimbia hospitali. Kifuniko kiwe cha kufungwa kwa skrubu. Changu kilikuwa cha kusukuma kwa kidole, nikakizungushia utepe wa gundi hadi nilipokitoa nyumbani.

Aina ya pili, ya plastiki angavu yenye taa pembeni na makapeni ya rangi kali, tuliazima kwa shangazi yake. Wiki moja ya furaha. Kisha makapeni yakakauka, na hewa yetu ya chumvi ikala vyuma vya betri.

Kilichomfaa ni cha tatu: ubao mwembamba, mweupe, unaowaka uso mzima. Unaweka picha, juu yake karatasi tupu, mistari ya chini inaonekana, unaifuatisha kwa penseli. Wetu unatumia waya wa USB, kwa hiyo umeme ukikatika tunauchomeka kwenye pawabenki kazi inaendelea. Chukua saizi ya A4. Ile ndogo yake karatasi ya daftari inaning'inia nje na mkono wa mtoto hauna pa kutulia. Na uwe na kitufe cha kupunguza mwanga, maana usiku ule mkali unachosha macho.

Niliogopa kwamba kufuatisha kutamfanya mvivu. Kijana mmoja anayesoma TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa Bagamoyo, amepanga chumba kwa jirani, akanicheka. Akasema, "Mama, afuatishe mara mbili, ya tatu azime taa achore mwenyewe." Tukaenda Mji Mkongwe wa hapa hapa Bagamoyo kupiga picha milango ya nakshi, steshenari wakatutolea nakala. Mara ya kwanza alifuata kila ua na kila pete ya mnyororo, ulimi nje, akikaza penseli hadi ncha ikavunjika. Mara ya tatu, taa imezimwa, mlango ulikuwa umepinda na mfaa wake, ule mti wa katikati, umeegemea upande kama mlevi, lakini chini kulikuwa na pweza ambaye fundi wa mlango ule hakumchonga. Pweza huyo ndiye niliyekuwa namtafuta.

Kwa hiyo mtazame mwanao kwanza. Anayechora na kusahau, hata cheusi kinamtosha. Anayerudia kitu kile kile kila siku akikitengeneza, mnunulie wa kufuatishia. Na dukani nenda na karatasi mbili za rimu, moja ina mchoro, uombe wauwashe ubao mbele yako. Usijaribu kwa manila, haipitishi mwanga vya kutosha. Wala usijaribu mlangoni juani, hapo mstari hauonekani hata ubao uwe mzima. Kama pembe moja ni hafifu kuliko nyingine, mwambie akuletee mwingine.