Re: Kwa nini jeshi la Marekani lililipa nauli pungufu ya reli wakati wa Vita vya Pili vya Dunia?

Umeuliza kama lilikuwa punguzo la uzalendo. Hapana, lilikuwa deni la ardhi. Kuanzia 1850 serikali iligawia kampuni za reli ardhi, kwa sharti la kubeba mizigo yake kwa bei nafuu. Baadaye kiwango kikakaa kwenye nusu ya nauli.

Wengi hukosea hesabu hapa: nusu haikukatwa kwenye nauli nzima. Ilikatwa kwa maili za njia zilizopewa ardhi tu. Nauli ilipokuwa dola 100 na maili hizo ni asilimia 60 ya safari, ilikatwa nusu ya 60, yaani 30. Serikali ililipa 70. Kampuni zisizopewa ardhi nazo zilikubali kushusha bei zilingane na hizo, la sivyo mzigo ungepita kwa mshindani.

Sheria ya 1940 iliacha punguzo kwa wanajeshi tu na mali ya kijeshi iendayo kwa matumizi ya kijeshi. Hapo ndipo kesi zilipozaliwa: mali ipi ni ya kijeshi? Mwaka 1947 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa punguzo kwa mbolea iliyopelekwa Uingereza: mali ya serikali, ndiyo, ila si ya kijeshi. Punguzo lenyewe lilikuwa limeshakoma Oktoba 1946.