Taya linaloteguka kila mara: sindano ya damu na wiki mbili za subira

Taya likiteguka mara moja, linarudishwa basi. Likianza kutoka kila ukipiga miayo au ukiuma embe, ujue kano na mfuko wa kiungo vimelegea. Hapo kulirudisha peke yake hakutoshi, lakini usikimbilie kuwaza kisu. Kuna sindano ya damu yako mwenyewe.

Daktari wa kinywa anapima mstari kutoka kile kinyama kilicho mbele ya tundu la sikio hadi kona ya nje ya jicho. Sentimita 1 mbele ya kinyama, milimita 2 chini ya mstari, ndipo sindano inapoingilia. Anapiga ganzi, na mara nyingi huosha kiungo kwanza kwa maji ya dripu. Kisha anavuta damu mkononi na kuichoma papo hapo kabla haijaganda: mililita 2 hivi ndani ya kiungo, 1 hivi kuzunguka mfuko wake. Damu inaleta uvimbe, uvimbe unaacha kovu, na kovu ndilo linalokaza.

Kovu linataka utulivu, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Maumivu yanapoisha siku ya tatu au ya nne, mtu anarudi kwenye miwa na mahindi ya kuchoma, kovu changa linavutwa, taya linatoka tena. Funga bandeji kutoka kidevuni hadi utosini kama ulivyoelekezwa. Kwa wiki mbili mdomo usifunguke kupita upana wa kidole kimoja. Kunywa uji, kula mtori, viazi vilivyopondwa, mgebuka wa kuchemsha uliotolewa miiba. Ugali uwe laini, tonge dogo. Miayo ikija, weka ngumi chini ya kidevu. Baada ya hapo anza mazoezi ya kufungua taratibu, maana kiungo kilichofungwa mno nacho hukakamaa.

Kope likishindwa kufumba siku ile ya sindano, kwa kawaida ni ganzi imegusa neva. Huisha baada ya saa chache. Homa, au uvimbe unaozidi kuuma, rudi hospitali haraka. Sindano ya kwanza isipokaza vya kutosha, inaweza kurudiwa.

Taya likitoka ukiwa nyumbani, usikubali kupigwa kofi eti lirudi. Nenda mapema, kwa sababu misuli inazidi kukaza kadiri unavyochelewa. Anayelirudisha husukuma magego ya chini kwanza kuelekea chini, ndipo nyuma.

Walioko Tabora waanzie idara ya meno ya hospitali ya Kitete, wa Kigoma hospitali ya Maweni. Panapohitajika bingwa utapewa rufaa, hospitali ya Bugando, Mwanza, kwa mfano. Mweleze daktari kama una kifafa, kama damu yako huchelewa kuganda, na umtajie kila dawa unayotumia. Metoklopramidi ya kuzuia kutapika na haloperidoli zinaweza kukaza misuli hadi taya likatoka, na dawa ikiwa ndiyo chanzo, ibadilishwe kwanza kabla ya sindano yoyote.