Farasi wa Botai si babu wa farasi wa leo

Hapana ndugu, hiyo ya kwamba farasi wote wametokana na wale wa Botai, makazi ya kale huko Kazakhstan, imeshapitwa. Watu wa Botai walikuwa na farasi tele miaka kama 5,500 iliyopita, sawa, lakini DNA iliyochapishwa 2018 ilionyesha uzao wao ni farasi wa Przewalski, wale wa Mongolia. Hawa tunaowapanda leo asili yao ni nyika za Volga na Don, kusini mwa Urusi. Utafiti wa 2021 ulipima jenomu (yaani DNA nzima ya mnyama) 273 za farasi wa kale, ukaona wakisambaa kwa kasi kuanzia 2200 KK hivi. Kinachonivutia mimi ni jeni mbili zilizopendelewa mapema: GSDMC, inayohusishwa na mgongo imara, na ZFPM1, inayohusishwa na upole. Yaani walitafutwa wanaokalika!