Je, kasi ya mabadiliko ya jeni inatosha kuwaeleza furu wa Ziwa Victoria?

Swali: Nafundisha baiolojia Masaka. Tumesoma kwamba Ziwa Victoria lilikauka, likajaa tena miaka 15,000 hivi iliyopita, na kwamba likaja kuwa na spishi kama 500 za furu, samaki hawa tunaowaita nkejje. Mwanafunzi akauliza: ikiwa mabadiliko ya jeni ni nadra, spishi zote hizo zilitoka wapi? Hesabu hiyo haiangushi nadharia ya mageuko?

Jibu: Mwalimu, mpe heko mwanafunzi huyo, amegusa penyewe. Tuipige hesabu. Kwa jamaa zao wa Ziwa Malawi, DNA ya wazazi ililinganishwa na ya watoto, ikapatikana kasi ya mabadiliko takriban 3.5 katika herufi bilioni moja za DNA kwa kizazi. Tukikadiria kizazi kimoja kwa mwaka, vizazi 15,000 vinaleta mabadiliko kama 50 tu katika kila herufi milioni. Ni haba kweli, iwapo furu walianza wakiwa na urithi wa namna moja.

Lakini hawakuanza hivyo. Uchunguzi wa DNA uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba mababu zao walikuwa machotara: ukoo wa Nile ya Juu na ukoo wa Kongo walizaliana miaka kama 150,000 iliyopita. Kabla ya hapo koo hizo ziliishi mbalimbali muda mrefu mno, kila mmoja ukijilimbikizia mabadiliko polepole. Ziwa lilipojaa, tofauti zilikwishakuwamo. Uteuzi asilia ukazipanga upya.

Tazama jeni ya macho inayopokea mwanga mwekundu. Humo ziwani, kadiri unavyozama ndivyo mwanga wa buluu unavyopotea na mwekundu kubaki. Furu aitwaye kisayansi Pundamilia pundamilia, ambaye madume wake ni wa buluu, hukaa juu. Furu mwenzake, Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere, ana madume wekundu na hukaa chini zaidi. Matoleo ya jeni hiyo hutofautiana kati yao, na majike huvutwa na rangi wanayoiona vizuri. Matoleo hayo yana umri mkubwa kuliko ziwa lenyewe lilivyo sasa.

Kwa hiyo kasi ya mabadiliko peke yake haiangushi nadharia wala haiithibitishi. Inapima malighafi inaingia kwa mwendo gani. Ila inaweza kuitia nadharia majaribuni, nami ningependa darasa lako lijue hilo: kama kila spishi ingekutwa na mamilioni ya mabadiliko mapya yaliyozuka baada ya ziwa kujaa, hapo hesabu ingegoma.