Bastola ndogo uweke risasi gani? Jibu langu kwa mkuu aliyenunua Glock 43X

Mkuu nimesoma swali lako na majibu ya wadau wote hapo juu nikaona nikujibu kwa urefu maana naona unazidi kuchanganywa. Kwa waliochelewa kuingia, mleta uzi yuko Texas, kanunua Glock 43X ndo bastola yake ya kwanza, anaishi apatimenti na familia, muuza duka kamwambia achukue risasi nyepesi zenye alama ya +P (yaani presha kubwa) kwa vile mtutu ni mfupi, shemeji yake anasema aweke hizi hizi za bei rahisi za mazoezi kwa sababu zinatoboa kila kitu, halafu kuna mdau kamwambia holopointi (risasi yenye tundu mbele inayopanuka ikigonga mwili) ni haramu kimataifa. Mimi naendesha lori, makao yangu ni upande wa Dallas, nina leseni ya kubeba na nimekuwa nikiwapeleka wabongo na Wakenya wengi wapya renji wakishanunua silaha, kwa hiyo hivi vitu nimeviona vikifanya kazi na nimeviona vikigoma.

Ukitaka jibu fupi ni hili, chukua holopointi ya 9mm, greni 124 au 147 (greni ni kipimo cha uzito wa kichwa cha risasi), ya aina ambayo polisi wa hapa wameitumia miaka, mfano Federal HST au Speer Gold Dot, halafu hakikisha inapita kwenye bastola YAKO bila kukwama hata mara moja. Mengine yote yako chini ya hapo. Watu wanabishana usiku kucha kuhusu chapa na spidi halafu bastola yenyewe hawajawahi kuipiga na hizo risasi walizojazia, ziko tu kwenye magazini (kile kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye mpini) tangu zitoke dukani, na hapo ndo pananiuma kweli.

Nianze na shemeji. Risasi ya mazoezi, hii inaandikwa FMJ kwenye boksi, kichwa chake ni mviringo kimefunikwa shaba chote, ikigonga mwili haipanuki, inapita na kutoka upande wa pili ikiwa bado ina nguvu. Sasa wewe umesema ukuta wako na wa jirani ni jipsamu tu. Polisi wa New York walikuwa wanatumia hizo hizo za mviringo walipohamia bastola za 9mm, zikawa zinapita kwa mtuhumiwa na kufika kwa wapita njia na kwa askari wenzao, mwaka 1998 wakatangaza wanahamia holopointi na sababu kubwa ilikuwa hiyo hiyo, usalama wa watu wengine. Kwa hiyo huyu anayekwambia holopointi ni ya watu katili mwambie ukweli uko kinyume, ile tundu ya mbele inajaa maji maji ya mwili, kichwa kinafunguka, kinapunguza mwendo na mara nyingi kinabaki humo humo. Lakini usijidanganye hapa, ukikosa shabaha hata holopointi inapita kuta kadhaa za jipsamu bila shida, kwa hiyo kujua nyuma ya unachokilenga kuna nini ni kazi yako, hakuna boksi litakufanyia.

Na hilo la haramu kimataifa, ni kweli kuna Azimio la The Hague la mwaka 1899 linalokataza risasi za kupanuka, zile watu wanaziita dumdum kwa jina la kiwanda cha silaha cha Dum Dum kule karibu na Calcutta. Ila lile ni la vita kati ya mataifa, halihusu polisi wala raia anayejilinda nyumbani, na Marekani yenyewe hata haikuliridhia.

Sasa tuje kwenye hii habari ya kutoboa kiasi gani, maana hapa ndo pana elimu. Tarehe 11 Aprili 1986 huko Miami maajenti wa FBI walipambana na majambazi wawili, na mapema kabisa kwenye yale mapambano jambazi mmoja alipigwa risasi ya 9mm ya greni 115 ikapita kwenye mkono ikaingia kifuani ikaishia kama inchi moja kabla ya moyo. Risasi ilipanuka vizuri tu kama ilivyotengenezwa, ila haikufika. Yule mtu akaendelea kupigana, maajenti wawili wakafa na watano wakajeruhiwa. Baada ya hapo FBI wakatengeneza utaratibu wa kupima risasi kwenye jeli ya jelatini ya asilimia 10 inayowekwa badala ya nyama ya mwili, wanapiga jeli tupu, wanapiga kupitia nguo nzito, jipsamu, mbao, bati la chuma na kioo cha gari, na wanataka iingie kati ya inchi 12 na 18, yaani kama sentimita 30 mpaka 46. Watu wanauliza inchi 12 za nini wakati kifua cha mtu si kinene hivyo, jibu ni ule mkono wa Miami, mtu akikuelekezea silaha mikono yake iko mbele, au amegeuka upande, risasi inapita nyama na mfupa kabla haijafika penye maana.

Kwa hiyo ukikaa dukani usiangalie boksi lina picha gani kali, angalia kama hiyo risasi imepimwa na inaingia inchi 12 au zaidi ikiwa imepita kwenye nguo, na ikiwa imepigwa na mtutu mfupi kama wako. Hizi mbili ndo za kuangalia. Nguo kwa sababu kitambaa cha jinzi au koti kinaweza kuziba ile tundu, ikishaziba haifunguki tena, inapita kama ya mazoezi. Mtutu mfupi kwa sababu namba za spidi kwenye boksi huwa wamepima na mtutu wa inchi 4. HST ya greni 124 kwa mfano inaandikwa futi 1,150 kwa sekunde, wa kwako una inchi 3.41, baruti inapata nafasi ndogo ya kusukuma, unapoteza kidogo, na wenye SIG P365 yenye inchi 3.1 wanapoteza zaidi. Risasi ambayo inafunguka vizuri kwa spidi kubwa tu inaweza isifunguke hapo. Hizi za kisasa nilizotaja zimetengenezwa zifunguke hata spidi ikishuka, na Speer wana Gold Dot maalum ya mtutu mfupi, ila kwa 43X mimi sioni kama ni lazima uitafute.

Muuza duka wako ana hoja nusu. +P maana yake presha kubwa, kawaida 9mm kikomo ni psi 35,000 na +P ni 38,500, unapata spidi kidogo, sawa. Lakini bastola ndogo nyepesi tayari inaruka mkononi, ukiweka +P inaruka zaidi, usiku inatoa mwanga mkubwa zaidi mdomoni, na wewe mgeni risasi ya pili itachelewa au itaenda pengine kabisa. Na ile nyepesi ya greni 115 ya spidi kali ndo familia ile ile ya iliyoishia njiani Miami, ingawa za leo ni bora kuliko za mwaka ule. Kwangu mimi kwa mtu anayeanza ni 147 au 124 ya kawaida isiyo na +P. 147 inasukuma kiganja taratibu, hairuki kwa ghafla, nimeona hata dada zetu wenye mikono midogo wakiipenda baada ya kujaribu zote mbili mfululizo.

Hili la kupita kwenye bastola nataka nilikazie maana ndo limenifanya niandike. Kuna dada mmoja wa Nairobi, nesi wa zamu za usiku, tulienda naye renji na bastola yake ndogo na holopointi za chapa fulani alizouziwa. FMJ zote zilipita bila shida. Tulipoweka za kujilinda, ya kwanza ikaingia chemba (pale risasi inapokaa tayari kupigwa), ya pili slaidi, ile sehemu ya juu inayorudi nyuma na mbele, ikagoma nusu njia. Tukatoa magazini, tukaivuta ile risasi taratibu, ukiishika kwenye mwanga unaona mdomo wa lile tundu umekwaruzwa upande mmoja alama ya nusu mwezi na ukingo umejikunja ndani, yaani ilikuwa inajikita kwenye ule mteremko wa kuingilia chemba badala ya kuteleza juu. Mdomo wake ulikuwa mpana na bapa sana kwa ile bastola. Tulibadilisha tukaweka aina nyingine yenye pua iliyochongoka kidogo, ikala zote. Bastola ni ile ile, mkono ni ule ule. Sasa fikiria angegundua hilo saa nane usiku kwenye maegesho ya hospitali.

Kwa hiyo nunua za kutosha kujaribu. Hizi za kujilinda ni ghali, dola moja au zaidi kwa punje moja wakati za mazoezi ni senti, najua inauma, ila kuna kitu wengi hawajui, risasi ile ile inauzwa kwenye boksi la 20 lenye urembo na pia kwenye boksi la 50 la kawaida linalotengenezwa kwa ajili ya polisi, na raia unaruhusiwa kununua la 50, kwa hesabu ya punje moja moja linakuwa rahisi sana. Tafuta hilo. Piga angalau mia moja ya hiyo utakayoibeba, ukiweza mbili, pitisha kwenye kila magazini uliyonayo, ijaze mpaka mwisho zile 10, maana matatizo mengi yanatokea punje ya kwanza magazini ikiwa imejaa au ya mwisho springi ikiwa imelegea. Piga na mkono mmoja pia, kwa mkono wa kulia na wa kushoto, kwa sababu bastola ndogo ikishikwa kilegevu inajam hata kama risasi ni nzuri na watu wanailaumu risasi bure.

Kingine, hii tabia ya kutoa risasi kwenye chemba kila jioni na kuirudisha ile ile kila asubuhi. Kila slaidi inapoipiga kuingia chemba kichwa cha risasi kinaweza kusukumwa ndani ya ganda kidogo kidogo. Chukua ile ya juu uisimamishe mezani pembeni ya mpya kutoka kwenye boksi, inamisha macho usawa wa meza, kama ya kwako ni fupi hata kidogo tu usiirudishe, nafasi ya baruti imebanwa na presha inapanda vibaya. Zungusha, isiwe punje moja inayoteseka kila siku. Usizipake mafuta wala kuzipulizia dawa ya kuondoa kutu, mafuta yanaweza kupenya mpaka kwenye fataki (kile kidude cha nyuma kinachowasha baruti) na risasi ikalala. Kila mwaka zile ulizobeba zipeleke renji uzipige uweke mpya.

Wenye bastola za risasi ya .380 kama Ruger LCP au Glock 42 nyie hesabu zenu ni tofauti, nguvu ni ndogo, nyingi zikifunguka haziingii ndani vya kutosha na zikiingia hazifunguki, hapo mimi nachagua ile inayoingia ndani zaidi hata kama haifunguki sana. Rivolva fupi za .38 vivyo hivyo, wengi wenye uzoefu wanabeba zile za kichwa bapa cha greni 148 za kupigia shabaha, zina teke dogo na zinaingia vizuri. Hizi zinazotangazwa kupasuka vipande vipande ndani ya mwili achana nazo, vile vipande haviendi mbali.

Sheria sasa, na hapa naomba tusikie vizuri maana inahusu wengi humu. Kama uko hapa kwa viza ya mwanafunzi au ya kutembea, sheria ya serikali kuu inakukataza kumiliki silaha na hata RISASI yenyewe, isipokuwa uwe ndani ya mambo machache yaliyotajwa kama leseni ya uwindaji iliyo hai. Usishike boksi la mwenzako ukaliweka ndani kwako. Wenye grinkadi mnaruhusiwa. Texas tangu tarehe 1 Septemba 2021 mtu wa miaka 21 asiye na kizuizi anabeba bila leseni, lakini madereva wenzangu hiyo inaishia mpakani mwa jimbo. New Jersey hata leseni ya Texas hawaitambui na kubeba holopointi nje ya nyumbani kwako ni kosa jinai, na kosa la silaha kwa mtu ambaye bado hajapata uraia linaweza kumfukuzisha nchini. Nikipangiwa mzigo wa huko bastola inabaki nyumbani kwenye sefu. Na walio Bongo wanaosoma hapa, kwenu ni Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, kila kitu kinaanzia polisi, msichukue haya ya Texas mkayafanya ya kwenu.

Umesema una watoto wawili wadogo. Mkuu boksi la risasi na bastola vyote viwe kwenye kufuli, ile sefu ndogo ya kufungua kwa vidole ni bei ya maboksi machache tu ya HST. Nunua hiyo KABLA ya boksi la pili.

Ukishapiga mia ya kwanza rudi hapa useme magazini zako zimeendaje, ikijam andika ilikuwa punje ya ngapi, slaidi ilisimama wapi na ganda lilikaaje, na ukiweza piga picha pua ya ile iliyokwama, hapo tutajua kama tatizo ni risasi, magazini au namna unavyoshika.