Kumfukuza mtoto nje haisaidii, toka naye

Jamani wazazi wenzangu, hili jambo la watoto kung'ang'ania simu lilinisumbua karibu miaka miwili mpaka kuna siku nilitaka kuitupa simu kisimani. Nakaa Mtwara mjini, bahari iko dakika kumi kwa miguu, na bado wanangu wawili walikuwa wanazijua katuni zote za YouTube ila maji yanakupwa saa ngapi hawajui. Mtoto wa Mtwara huyo! Bibi yao akija kutoka Mikindani anabaki kushika kichwa tu.

Mi nilikuwa nafanya kile wengi wetu tunafanya, napiga kelele "tokeni nje mkacheze", napokonya simu, nafunga mlango. Wanakaa barazani wamenuna, ukigeuka tu wako kwa jirani wanaangalia tivii. Siku moja mama mkwe yupo, akaniuliza taratibu tu, "Mwanangu, na wewe mara ya mwisho umetoka lini?" Nikakosa cha kujibu, maana na mimi simu nilikuwa nayo mkononi.

Basi nikaanza kutoka nao. Mwanzoni nilikosea, nikawapeleka ufukwe wa Shangani siku ya maji mafu, yale yasiyokupwa mbali, tukakaa mchangani tunatazama mawimbi, nusu saa nyingi wameshaanza "mama twende nyumbani". Kumbe ukitaka mtoto aipende pwani ufuate bamvua. Mwezi ukiandama, au ukiwa mpevu, siku hizo mbili tatu maji yanatoka mbali kabisa, na huku kwetu yanakuwa yamekupwa sana kwenye saa nne, saa tano ya asubuhi, so mnatoka saa tatu mnayafuata taratibu yakiondoka. Kila siku yanachelewa karibu dakika hamsini, na hiyo hesabu sasa hivi mkubwa wangu anaipiga mwenyewe kuliko anavyopiga za shule.

Huko kwenye mwamba unaobaki wazi maji yakitoka ndo utashangaa. Kiti cha pweza yule wa umbo la nyota, jongoo bahari, kaa wa kila rangi, tondo, vidimbwi vina visamaki vidogo kama kucha. Mi mwenyewe majina nusu nilikuwa siyajui, wametufundisha kina mama wanaotafuta pweza, na wale ukiwasalimia vizuri na usipowakanyagia mashimo yao wanakuonyesha mpaka pweza anavyojificha akaziba mlango kwa vijiwe. Ila sikilizeni, viatu ni lazima, hata yeboyebo, mwiba wa shokoambe, yule mnyama wa bahari wa miiba mwili mzima, ukikatikia mguuni mtoto hatakaa arudi tena. Jiwe ukiligeuza lirudishe kama lilivyokuwa. Na maji yakianza kujaa mnatoka hapo hapo, hakuna "dakika moja mama", kwa sababu yanapita kwenye mikondo ya chini yanakuzunguka kwa nyuma wakati wewe unatazama mbele. Watoto peke yao siwaachi kabisa.

Wa mashambani, msimu wenu ni korosho, kuanzia mwezi wa tisa hivi mpaka Disemba. Mpe mtoto kindoo chake aokote, asikie harufu ya mabibo, apande mkorosho wenyewe maana matawi yako chini. Nguo avae zilizochoka, doa la bibo halitoki, mi nina shati la shule hapa ni ushahidi. Na umwambie mapema asing'ate korosho yenye ganda. Mwanangu mdogo aling'ata tukiwa kwa shangazi yake Newala, ule utomvu ukambabua midomo ikavimba wiki nzima, kosa langu, nilidhani anajua.

Halafu tumieni kile ambacho tayari anakipenda. Huyu wa kiume alikuwa haachi katuni za mijusi mikubwa ya kale, nikamwambia, mwanangu, mmoja mkubwa kabisa alifukuliwa hapa hapa kusini, Tendaguru, mkoa wa Lindi, Wajerumani walichimba kuanzia 1909 mpaka 1913, watu wetu wakaibeba mifupa kichwani siku kadhaa mpaka bandari ya Lindi, na sasa yuko makumbusho ya Berlin kasimama zaidi ya mita 13. Hakuamini. Alipoamini, bana, nyuma ya nyumba pakawa mashimo matupu, baba yake alikaribia kuvunjika mguu usiku akienda chooni. Mifupa iliyopatikana mpaka sasa ni ya kuku na mmoja wa mbuzi, yote kaipanga dirishani na hairuhusiwi kutupwa.

Simu bado wanaangalia, nisiwadanganye, jioni kwa saa moja. Ila jana usiku umeme umekatika, tuko nje kwenye mkeka, mdogo akaangalia juu kimya halafu akasema, "Mama, mwezi umebaki kidogo ujae, Jumamosi bamvua." Kwa hiyo Jumamosi sipatikani, na kile kindoo cha bluu mtakachokiona mwambani kina mwenyewe.