Zawadi aliyoinywa Bi Mkubwa

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Ukienda kumtembelea rafiki, unabeba nini?" Swali limenigusa pabaya. Mimi ni mtu wa Pangani, na kwetu ukiingia nyumba ya mtu mikono mitupu, bila hata kilo ya sukari, utasemwa mpaka umevuka kivuko uko Bweni. Msimamo wangu ndio huo na sikutegemea kuubadilisha. Ila mimi nitawajibu kuhusu kubeba farasi.

Naishi Fort Collins, Colorado. Mume wangu ni mzaliwa wa huku, na aliponioa nilimkuta na farasi wawili. Jike la kahawia nikaliita Bi Mkubwa, maana lilinitangulia nyumbani na halijawahi kuniacha nisahau. Farasi sikuwa namjua. Mbung'o wa kwetu hawakumwachia nafasi. Tulikuwa na punda, na baiskeli. Sasa Julai moja marafiki wa mume wangu walioko Sheridan, Wyoming, wakatuita: njooni, na farasi wenu mje nao. Nikacheka. Mtu anakuja na wanyama wawili, kila mmoja kilo 500, na marobota ya majani makavu juu, huyo ni mgeni au anahama?

Tena wanyama wenyewe wana karatasi nyingi kuliko mimi: cheti cha daktari wa mifugo, kipimo cha damu wanachokiita Coggins, na kibali cha mkaguzi wa chapa, anayehakikisha mnyama ni wa nani, ndipo watoke Colorado. Mimi nilibeba leseni ya udereva na mabonge mawili ya sukari guru niliyoyapata duka la Wahindi Denver, nimeyafunga kwenye kitambaa kwa ajili ya mama mwenye nyumba. Sukari guru kwa mtu wa Pangani si kitu cha kununua tu. Bonde lile lilikuwa la miwa. Bushiri mwenyewe alikuwa na shamba la miwa kabla hajawageukia Wajerumani mwaka 1888. Nilijiona nabeba nyumbani kwetu.

Safari ni kama kilomita 600, karibu yote kwa barabara moja, I-25, kaskazini hadi Buffalo, kisha I-90 mpaka Sheridan. Kwa trela huendi mbio. Upepo wa Wyoming unalisukuma ubavuni, na farasi huko nyuma anasimama njia nzima akijizuia asianguke. Tulichukua madumu mawili ya maji ya nyumbani, kwa sababu farasi wengine hunusa maji ya ugenini wakayakataa. Dumu moja likapasuka hata Wheatland hatujafika, na la pili halikufika Casper.

Casper tukasimama, jua la saa nane mchana. Yule dume akanywa maji ya bomba bila maneno. Bi Mkubwa akashusha pua kwenye ndoo, akapandisha mdomo wa juu, akageuza kichwa. Tukabadilisha ndoo. Akageuza. Mume wangu akambana ngozi ya shingo kwa vidole viwili, akaiachia. Ikabaki imesimama kidogo kabla ya kurudi. Akambonyeza ufizi, akahesabu kimya. Mimi nilimwangalia mume, simwangalii farasi, maana huyu bwana husema sana na siku ile hakusema. Farasi akikaukiwa maji tumbo huweza kufunga, na farasi hatapiki. Kikishaingia kimeingia.

Sijui nani aliniambia nifungue kile kitambaa. Nikaparuza bonge kwa kisu cha mfukoni, nikakoroga ndoo kwa mkono mpaka maji yakawa rangi ya chai ya rangi, nikampaka na midomoni. Akalamba. Akafikiri. Kisha akazamisha pua, na masikio yakaanza kwenda nyuma na mbele, kila funda moja mara moja. Nilihesabu masikio yale hadi nikapotea. Ndoo ya kwanza ikaisha, ya pili nusu. Mume wangu akakaa chini kwenye lami yenye moto kama kikaango, suruali yake nzuri ile ile.

Tukaingia Sheridan karibu saa tatu usiku na mwanga bado upo, kiangazi cha huko ndivyo kilivyo. Wenyeji walitoka, na nawaapia hakuna aliyetazama mikono yangu. Mama mwenye nyumba alipita moja kwa moja hadi kwenye trela, akampapasa Bi Mkubwa miguu, mmoja mmoja, ndipo akaja kunikumbatia. Siku ya tatu tulipewa jembe kama methali isemavyo, ila lilikuwa koleo la kukazia waya wa uzio. Jioni tukapanda hadi chini ya milima ya Bighorn, wanne kwa wanne, na nikaelewa kwa nini waliwataka farasi. Bila wao ningekaa kibarazani nikihudumiwa.

Kwa hiyo jibu langu, likiwa ni jibu: muulize rafiki anataka uje na nini, umpelekee hicho hicho, hata kama ni mzigo kwake. Sukari si lazima. Hii ni kwa rafiki, lakini. Kwa shangazi yangu Pangani msije mkanitaja.

Na bonge moja lilibaki zima. Mama yule sikumpa. Nililifunga tena kwenye kitambaa, nikaliweka chini ya kiti, kwa maji ya kurudia.